Mchakamchaka na Jembe: Habari za Asubuhi za Chang'ombe

Chang'ombe imekaa baina ya viwanda vya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, na Barabara ya Kilwa inayoteremka kuelekea Mtoni na Mbagala. Katika eneo hilo dogo vimekusanyika vitu vitatu vilivyokuwa na neno zito katika malezi ya vijana wa Dar es Salaam. Upo uwanja wa michezo ulioshuhudia bendera ya Tanganyika ikipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kilikuwapo chuo cha ualimu, ambacho mwaka 2005 kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Na kwa mwendo wa miguu tu kutoka hapo iko kambi ya Mgulani ya Jeshi la Kujenga Taifa. Anayepita mitaa hii Jumapili alfajiri, kabla daladala hazijachangamka, hukutana na watu wa vikundi vya jogingi: wanaume kwa wanawake, fulana za rangi moja, filimbi mbele, mwimbishaji ubavuni, na wengine wote wakiitikia kwa kufuata kishindo cha miguu. Temeke ina sifa ya vikundi hivyo kuliko pengine popote jijini. Navyo havikimbii tu. Hufagia masoko, huzibua mitaro, hupanda miti, huchangia damu, huenda kuwatazama wagonjwa.

Mwishoni mwa muongo wa 2000, mashariki ya jiji la London, Ivo Gormley alianzisha kikundi kilichopewa jina la GoodGym. Chanzo chake kilikuwa kidogo: kijana anayekimbia kwa ajili ya afya yake aliona heri mbio hizo zimfikishe kwa mzee asiyeweza kutoka nyumbani. Kutokana na hilo ukakua utaratibu wa watu kukimbia pamoja hadi kwenye bustani ya mtaa, wakalima, wakabeba mbolea, wakang'oa magugu, kisha wakarudi mbio walikotoka. Wengi waliupokea utaratibu huo kama uvumbuzi. Mtu aliyesoma shule ya msingi huko Temeke katika miaka ya 1970 angeuliza neno moja tu: uvumbuzi uko wapi? Yeye alikimbia mchakamchaka asubuhi, na kabla ya jua kupanda akawa ameshainama juu ya tuta la mchicha.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe halipendezi sana. Mkimbiaji wa London hakuamrishwa. Mtoto wa Temeke aliamrishwa. Katikati ya hali hizo mbili ndipo ilipo historia inayostahili kusimuliwa, kwa sababu ni historia ya neno moja la Kiswahili ambalo taifa zima lililitumia kila siku bila kukubaliana juu ya maana yake. Neno hilo ni kujitolea.

Kwanza mchakamchaka. Ni neno la mlio, mfano wa chakacha na kishindo. Linasema jinsi miguu mingi inavyosikika inapokanyaga changarawe kwa pamoja. Si mbio za mashindano. Hakuna anayeshinda, na anayetangulia mno huambiwa arudi nyuma. Mwendo wake ni wa yule aliye dhaifu kuliko wote, na pumzi yake hupimwa kwa wimbo: anayeweza kuitikia hajachoka, anayenyamaza ndiye wa kuangaliwa. Daktari wa leo angeeleza jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Mtindo huu ulitoka jeshini na katika safu za vijana wa TANU, ukaingia shuleni, na kutoka shuleni ukaingia katika kumbukumbu za karibu kila mtu aliyesoma Tanzania Bara baada ya uhuru.

Mlango wake mkubwa ulikuwa Mgulani. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa rasmi tarehe 10 Julai 1963, baada ya shauri lililotolewa mwezi Aprili mwaka huo na Umoja wa Vijana wa TANU, na kundi dogo la kwanza, viongozi vijana wa chama wasiozidi dazeni moja, lilianzia mafunzo yake katika kambi hiyo. Kaulimbiu ya wakati ule ilikuwa Uhuru na Kazi. Walioipokea kwa moyo walikuwa wengi, na haifai kuwacheka leo. Nchi ilikuwa na barabara chache, wahandisi wa kuhesabika kwa vidole, na vijana wengi waliomaliza darasa la nne au la nane wasijue waelekee wapi. Kambini siku ilianza gizani kwa mchakamchaka, ikafuata kwata, kisha jembe. Mpangilio huo si wa bahati nasibu. Mbio ziliufanya mwili uwe tayari, nyimbo ziliufanya umati uwe kitu kimoja, na kazi ya shamba ilionyesha kwa macho kwamba umoja ule una faida inayoweza kuliwa. Makuruta waliofungua mashamba ya Ruvu na kwingineko walikula mahindi waliyoyapanda wao wenyewe.

Katika miaka hiyo mitatu ya mwanzo aliyeingia Jeshi la Kujenga Taifa aliingia kwa hiari. Mambo yaligeuka mwaka 1966, sheria ilipowataka wahitimu wa vyuo na wa shule za juu watumikie miaka miwili: sehemu ndogo kambini, na sehemu kubwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kwenda Ikulu kupinga. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao. Waliofukuzwa chuoni walikaribia 400. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha wasomi wenye majivuno waliotiwa adabu, na majivuno hayakukosekana. Lakini ndani yake mlikuwa na swali la haki ambalo ghadhabu ya siku ile ililifunika. Kiswahili kinasema kujitolea, na kile kisilabi “ji” kina kazi: mtoaji na kinachotolewa ni mtu mmoja. Je, mtu aliyetolewa na sheria amejitolea? Serikali iliendelea kulitumia neno hilo kana kwamba sheria haikubadilisha kitu. Wanafunzi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, wakaenda kambini, wakakimbia na kulima kama wengine, na wengi wao wakaja kuzisifu siku zile uzeeni. Swali lao halikujibiwa.

Mwaka 1967 ulikuwa mwaka wa miguu. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi Februari, vijana kutoka kila upande wa nchi waliliunga mkono kwa matembezi ya mamia ya maili. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani, na jina lake likawekwa juu ya milango ya shule. Mwezi Oktoba Rais mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kwenda katika mkutano wa TANU. Si rahisi kupata nchi nyingine iliyoifanya imani yake ya kisiasa ionekane hivyo kwa kutembea. China ilikuwa na safari yake ndefu, lakini ile ilikuwa ya vita.

Baina ya Azimio na matembezi hayo, mwezi Machi, ulitoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hapo ndipo jembe la Mgulani lilipovuka barabara na kuingia shuleni. Mwalimu alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, iwe jamii inayojilisha kwa kiasi fulani, si mahali pa kuwafundisha watoto kuwadharau wazazi wao wakulima. Chuo cha ualimu cha Chang'ombe, kama vyuo vingine, kikapewa wajibu wa kutengeneza mwalimu wa aina mpya: ajuaye kufundisha hesabu na ajuaye pia kupima tuta, kuozesha samadi na kuongoza mchakamchaka.

Wanaoutaja waraka ule leo aghalabu husahau sehemu yake iliyo bora. Mwalimu hakusema tu kwamba watoto walime. Alisema washiriki katika kuamua: kipandwe nini, kazi igawanywe vipi, mapato yatumiwe kwa nini. Alitaka hasara ya shamba iwe hasara yao, na faida iwe faida yao waionayo kwa macho. Alionya kwamba shamba lisiloendeshwa hivyo litakuwa mzigo tu. Kwa maneno mengine, alikuwa amelisikia swali la mwaka 1966, na katika karatasi hii alilijibu: kinachogeuza amri kuwa kujitolea ni shauri. Mtu aliyeshauriwa juu ya jembe lake ana haki ya kusema ni lake.

Ilivyokuwa shuleni ni habari nyingine. Kengele ya kwanza ililia kabla ya saa moja. Watoto walijipanga kwa madarasa, kiranja akatangulia, na mstari ukatoka langoni kuzunguka mitaa: wengine pekupeku, wengine na raba za kichina, vumbi likipanda mpaka magotini. Nyimbo zilimsifu kiongozi, zilimlaani kabaila, na mara nyingine zilimtania mwalimu wa zamu kwa mafumbo ambayo yeye mwenyewe alijifanya hakuyasikia. Waliporudi, kila darasa lilikuwa na tuta lake. Aliyeagizwa ndoo ya maji alikuja nayo kutoka nyumbani. Aliyeagizwa fagio, fagio. Aliyeagizwa samadi aliipata alikojua mwenyewe, na jina lenyewe la Chang'ombe, lenye ng'ombe ndani yake, liliwapa watoto utani usiokwisha. Mchicha ulichipua, bamia zikatoa maua. Wapo waliojifunza hapo kwamba mbegu ya mchicha haizikwi kina kirefu. Mafunzo hayo hayakuwa madogo kwa mtoto wa mjini.

Lakini aliyechelewa mchakamchaka alipewa adhabu, na adhabu hiyo aghalabu ilikuwa kulima. Hapo ndipo jengo lote lilipopata ufa. Haiwezekani kazi iwe heshima ya taifa saa moja asubuhi na iwe kiboko saa mbili. Mtoto haelezwi jambo hili; analijua. Na mboga zilipovunwa, mara nyingi hakuna aliyewaeleza waliolima zimekwenda wapi. Lile shauri lililoandikwa katika waraka lilibaki katika waraka. Mwalimu aliyekuwa na wanafunzi wengi kupita kiasi, hasa baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977, hakuwa na wasaa wa kuitisha baraza la watoto ili waamue baina ya bamia na nyanya.

Mwaka 1974 uliyaweka mambo haya mawili, mbio na jembe, katika mwangaza mkali. Tarehe 2 Februari, huko Christchurch nchini New Zealand, Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32 na ushei, akavunja rekodi ya dunia kwa kuongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Nchi nzima ilijiona ina mapafu. Mwaka huo huo maghala yalikuwa matupu. Ukame wa 1973 na 1974, ukichanganyika na misukosuko ya kuwahamishia watu vijijini, uliilazimisha serikali kununua nafaka nje kwa fedha ambazo haikuwa nazo. Ikatangazwa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, na safari hii watu wa mjini hawakusazwa: maofisi, viwanda, vikosi na shule zilitakiwa zilime. Mwaka 1975 redio ikaleta kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyofuata nyayo za Mtu ni Afya ya mwaka 1973, nayo ikawafundisha watu, wamekaa vikundi vikundi mbele ya redio, mambo ya lishe na bustani. Viwanja vilivyo wazi, kando za reli, mabonde ya Msimbazi na Kizinga, vyote vilipata matuta.

Kampeni za redio zilikuwa na kitu ambacho shamba la shule lilikosa. Kikundi kilisikiliza, kikajadiliana, kikaamua chenyewe kianzie wapi. Kwa sababu hiyo hukumbukwa kwa wema na watu ambao hawana wema wowote wa kusema juu ya kampeni nyingine.

Kwa maana zilikuwapo nyingine. Vijana wa TANU wale wale waliokimbia kwa nyimbo ndio waliotumwa mitaani kukagua sketi fupi za wasichana katika Operesheni Vijana iliyotangazwa mwaka 1968. Na wasio na kazi walionwa kama magugu ya mji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipelekwa vijijini, kikiwamo Gezaulole, kijiji cha ufukweni upande wa Kigamboni ambacho jina lake kwa Kizaramo lina maana ya jaribu uone. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilizidisha msako. Mashine-mtu aliyekamatwa Kariakoo kwa kukosa kitambulisho akapandishwa lori na kupewa jembe, huyo hakujitolea hata kwa tafsiri iliyo pana kuliko zote. Wengi walirudi mjini baada ya wiki chache. Jembe likawa limepata harufu ya polisi.

Visiwani habari ilikuwa na sura yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 makarani na walimu wa Unguja walijikuta mwishoni mwa juma wakipelekwa mashambani na kwenye ujenzi, na fahari ya kazi ile ikakaa pamoja na hofu ya kuonekana hukwenda. Tofauti kubwa ilikuwa ardhi. Mkulima wa Unguja na Pemba aliyepewa eka tatu alikuwa na mahali pa kurudi na jembe lake siku ya kazi ya umma ilipokwisha. Mtoto wa Chang'ombe hakuwa na mahali. Tuta lilikuwa la shule, na alipomaliza darasa la saba aliliacha pale pale.

Katika miaka ya 1980 mbio na jembe viliachana. Havikuachanishwa na mtu. Viliachana kwa njaa. Mshahara wa karani ulishuka mpaka ukawa hautoshi wiki, na watu wa Dar es Salaam wakaanza kulima bila kuhimizwa na yeyote. Matembele yalizunguka nyumba za kota, migomba ikasimama penye maua ya mkoloni, kuku wakafugwa ndani ya mabafu. Kando ya mito walikaa wakulima wa mboga wenye kuuza, wanawake wengi na vijana waliotoka mikoani, wakichota maji kwa ndoo na kumwagilia asubuhi na jioni. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizoliwa jijini zilitoka ndani ya jiji lenyewe na pembezoni mwake. Mradi wa mboga uliosaidiwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1993 uliwakusanya wakulima hao katika vikundi. Serikali nayo, iliyokuwa imewabembeleza na kuwafukuza kwa zamu, ilitoa kanuni mwaka 1992: ruhusa kulima mjini, ila mtu asizidi eka tatu. Msomaji wa visiwani atatabasamu kwa hesabu hiyo, ingawa hizi za Bara zilikuwa mpaka wa juu, si zawadi.

Huyo mkulima wa bondeni alifanya yote yaliyotakiwa na waraka wa 1967. Aliamua mwenyewe, aliona faida na hasara, alijifunza kwa mikono. Alikosa jambo moja tu: wenzake. Hakuna aliyekimbia kuja kumsaidia kubeba samadi. Na maji yake yalikuwa yakioza. Viwanda vilivyojengwa bila kufikiriwa mitaro vilimwaga taka mitoni, na mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mboga zilizolimwa kando ya mito ya Msimbazi na Sinza zilikuwa na risasi na kadimi kupita viwango vinavyokubalika. Tangu hapo mchicha wa bondeni umekuwa ukinunuliwa kwa mashaka, na mwenye kuulima amekuwa akilaumiwa kwa sumu ambayo hakuimwaga.

Upande wa mbio, amri ilizimika polepole. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na safu za vijana wa chama zikapoteza haki ya kuingia shuleni. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yalisitishwa kwa ukosefu wa fedha. Yalirejeshwa mwaka 2013. Shule nyingi ziliacha mchakamchaka, au zikauacha uwe wa kuruka ruka mstarini. Viwanja vya shule vikamegwa, matuta yakajengewa vibanda vya biashara. Mtu angeweza kudhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Waliokuwa watoto wa mchakamchaka walifika umri wa miaka 35 na 40, wakaanza kuambiwa na madaktari habari za shinikizo la damu na sukari. Wakaamka alfajiri. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hawakukimbia mmoja mmoja, kama wafanyavyo watu wa Masaki kando ya bahari wakiwa na visikilizio masikioni. Walijipanga mistari. Walimweka kiongozi mbele na mwimbishaji ubavuni, wakachukua miito ya zamani na kuitia maneno mapya: harusi ya mwenzao, mpira wa Simba na Yanga, ubahili wa mwenyekiti. Walichokirithi kwa amri walikirudia kwa hiari, na mara ya kwanza tangu 1963 mchakamchaka ukawa wa kujitolea kwa maana yake halisi. Mwanachama hulipa mchango, huchagua viongozi, hutunga katiba, na asiyetaka haji. Yale mabaraza ambayo shamba la shule halikuwahi kuyapata yamo humu, yenye ubishi mwingi na daftari la mahudhurio.

Serikali haikukaa mbali kwa muda mrefu. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za uhuru na kuwataka wananchi wafanye usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawekwa kuwa ya usafi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Zanzibar nayo imeifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi ya kitaifa, inayoleta vikundi vya Unguja na Pemba, na aghalabu wageni wa Bara, katika barabara za mji. Vikundi vya Temeke viliitikia wito huo kwa ustahimilivu wa mtu anayealikwa katika nyumba yake mwenyewe. Walikuwa wakikimbia tangu zamani.

Kwa hiyo siku za mbio zipo, za ufagio zipo, za jembe hazipo. Wako wanaotaka vikundi vilichukue jembe pia: viende mbio hadi kwenye bustani za mtaa, za shule au za zahanati, vilime, virudi. Fikra hiyo ni njema, na kwa historia ya mahali hapa ni kama mtoto kurudi kwao. Ila historia hiyo hiyo inaonyesha ugumu ulipo, nao si wa moyo. Ni wa maji. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne tangu kupandwa, na katika siku zote hizo hutaka maji kutwa mara mbili, jua la Dar es Salaam likiwa kali. Kikundi cha watu 60 kinachokuja Jumapili kinaweza kulima robo eka kwa saa moja, kikabeba samadi yote, kikazibua mtaro na kujenga uzio. Hakiwezi kumwagilia siku ya Jumatano. Bustani nyingi za kampeni za 1974 na 1975 hazikufa kwa kukosa watu wa kulima siku ya uzinduzi. Hiyo siku watu walijaa. Zilikauka katikati ya juma.

Mgulani walilitatua jambo hilo kwa kuwafanya makuruta walale shambani. Mkulima wa bondeni alilitatua kwa kuwa yeye ndiye mwenye mboga, na njaa ni yake. Shule ililitatua kwa zamu: jina la kila mtoto lilikuwa katika orodha iliyobandikwa mlangoni mwa darasa, na siku ya zamu yake alikuja na ndoo kabla ya wengine. Orodha hiyo ilichukiwa, na ilivunjwa kila likizo ya Juni, mwalimu alipolazimika kuwabembeleza watoto waishio karibu na uwanja. Hata hivyo ndiyo iliyokuza mchicha. Vikundi vya jogingi vinaijua zamu, kwani huitumia kwa kugawa maji ya kunywa, kwa kumtembelea mgonjwa, kwa kumsindikiza mfiwa. Katika daftari zao la mahudhurio, karibu na safu ya mchango wa mwezi, pana nafasi ya kuandika nani atabeba ndoo Jumatano.